Chura wa Shimba: Mkaazi wa Kwale asiyepatikana kwingine duniani

Wakaazi wengi wa Kwale wakiulizwa ni mnyama gani anayeitambulisha kaunti hii, hutaja palahala. Jibu hilo halina makosa, kwa kuwa Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills ndiyo makao pekee ya palahala nchini Kenya. Lakini palahala wapo pia Tanzania, Msumbiji, Zimbabwe na kwingineko kusini mwa Afrika. Mnyama ambaye Kwale inaweza kumwita wake kwa haki kamili ni mdogo kiasi kwamba anaweza kukaa juu ya sarafu ya shilingi ishirini, na wengi wamelala karibu naye miaka yote bila kumjua.

Huyu ni chura wa matete wa Shimba. Wanasayansi humwita Hyperolius rubrovermiculatus. Hadi sasa anajulikana kutoka milima ya Shimba na viunga vyake pekee. Hayupo Arabuko-Sokoke kule Kilifi, hayupo milima ya Taita, na wala hayupo ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga. Kwa hiyo akipotea hapa hakutakuwa na mahali pa kwenda kumchukua ili kumrudisha.

Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) umemweka katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kwa kawaida habari kama hiyo humfanya mtu afikirie ua wa umeme, maaskari na majangili. Kwa chura huyu mambo si hivyo. Hawindwi na mtu, nyama yake haina mnunuzi, na sehemu kubwa ya msitu wake tayari iko ndani ya hifadhi. Hatari yake imejificha katika mambo ya kawaida ya mashambani, na ndiyo maana habari zake zinawahusu wakaazi wa Mkongani, Lukore, Kichakasimba na Majimboni kama zinavyowahusu walinzi wa wanyamapori.

Anavyoonekana

Chura aliyekomaa ana urefu wa kati ya sentimita mbili na tatu hivi kutoka puani hadi mwisho wa mgongo, na jike ni mkubwa kidogo kuliko dume. Ngozi yake ni laini, tofauti na ile ya chura wa kawaida wa uani mwenye mabaka na vipele. Vidole vyake vina visahani vidogo kwenye ncha. Visahani hivyo, pamoja na ute mwembamba unaotoka ndani yake, ndivyo vinavyomwezesha kupanda jani lililosimama wima na kulala hapo mchana kutwa bila kuteleza.

Jina lake la kisayansi linaeleza sura yake. Neno rubrovermiculatus limeundwa kwa Kilatini na maana yake ni mwenye michoro myekundu kama minyoo. Mchoro huo mwekundu, unaojipindapinda juu ya rangi nyingine za mwili, ndio uliomshangaza Arne Schiøtz, mtaalamu wa vyura kutoka Denmark aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka wa 1975. Hata hivyo mtu akienda kidimbwini na kutafuta wekundu pekee, atawaruka vyura wengi bila kujua.

Sababu ni kwamba vyura wa matete, kama kundi, wana tabia ya kuvaa mavazi mawili katika maisha. Wanapotoka majini wakiwa wadogo, wote huwa na rangi ya kawaida isiyovutia jicho, ya kijani au hudhurungi. Majike wanapokaribia kukomaa hubadilika na kuvaa rangi zao kamili. Kwa upande wa madume, baadhi hubadilika na wengine hubaki na rangi ile ile ya utotoni hadi mwisho wa maisha yao, ingawa wanaweza kuzaa sawasawa na wenzao. Hivyo kwenye kidimbwi kimoja usiku mmoja anaweza kuonekana chura wa kijani akiimba na chura mwenye michoro myekundu ametulia jani la pili, na mtazamaji akaapa kuwa ni vyura wa kabila mbili tofauti. Kumbe ni mtu na mkewe.

Milima ya Shimba ina vyura wengine wengi wa mitini, na ni rahisi kuwachanganya. Mahali pazuri pa kuanzia ni jicho. Kwa chura wa matete wa Shimba, mboni ya jicho hulala kwa mlalo. Kwa chura wa mitini mwenye madoa ya manjano, ambaye ni mkubwa zaidi na hukaa ndani ya msitu, mboni husimama wima kama ya paka. Huyu hata mayai yake huyafukia kwenye udongo karibu na maji badala ya kuyaweka majini. Wapo pia vyura wadogo wanaokunja jani kama bahasha, wakalibandika kwa ute na kuficha mayai ndani yake. Na yule chura wa kijivu anayepatikana hadi kwenye miembe na kuta za nyumba za Ukunda na Msambweni ni mwingine tena. Ndiye mwenye kutengeneza povu jeupe linaloning'inia kwenye matawi juu ya bwawa wakati wa mvua. Povu hilo ni kiota. Viluwiluwi huanza maisha yao humo, kisha hudondoka majini. Likionekana, liachwe lilivyo.

Wingi huu si jambo la kubuni kwa ajili ya kuisifu kaunti. Orodha ya watafiti iliyochapishwa mwaka wa 2017 ilipata spishi 30 za amfibia katika hifadhi ya Shimba Hills. Kati ya hizo, 28 ni vyura na 2 ni wale wasio na miguu wanaoishi udongoni na kufanana na nyungunyungu wakubwa. Idadi hiyo ni karibu asilimia 30 ya amfibia wote wanaojulikana Kenya, na hakuna sehemu nyingine nchini iliyowahi kuhesabiwa na kupatikana na nyingi zaidi.

Nyumba mbili

Milima ya Shimba haifiki mbali juu. Sehemu zake za juu ziko takriban mita 450 tu kutoka usawa wa bahari. Lakini imesimama karibu na pwani, na upepo wa bahari unapopanda mteremko wake hupoa na kuacha unyevu. Asubuhi nyingi mjini Kwale huanza na ukungu wakati Diani jua limeshawaka. Unyevu huo ndio umelea vipande vya msitu mnene kama Makadara, Longomwagandi na Mwele, vikiwa vimetenganishwa na nyika za majani mafupi na mabonde yenye chemchemi. Maji ya chemchemi za Marere, ambayo yamepelekwa kwa mabomba hadi Mombasa kwa miongo mingi, hutoka katika milima hiyo hiyo.

Chura wa matete anahitaji mchanganyiko huu wote. Ngozi yake haizuii maji kutoka mwilini kama ngozi ya mjusi inavyofanya, bali hupitisha maji na hewa. Akikaa mahali pakavu penye jua kali bila kivuli, hukauka. Kwa sababu hiyo msitu na vichaka vya pembezoni mwake ni nyumba yake ya kujisitiri. Hata hivyo msituni peke yake hawezi kuendeleza kizazi. Mvua zinapoanza, masika na hata vuli, hufuata vidimbwi na vinamasi, vile vya kudumu na vile vinavyokauka baada ya miezi michache, viwe ndani ya msitu au kwenye maeneo ya wazi karibu nao.

Jioni giza linapoingia, madume hujishika kwenye matete, ndago na majani yaliyosimama majini, wakavimbisha vifuko vya koo na kuanza kuita. Kwa viumbe wenye urefu wa pingili ya kidole, kelele yao ni kubwa. Kila dume anajaribu kusikika kuliko mwenzake, na jike huchagua. Vyura wa kundi hili hubandika mayai yao kwenye mimea ya majini, na viluwiluwi hukua humo hadi watoke miguu na kupoteza mikia. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa. Kidimbwi kikikauka au kikimwagwa mapema, kizazi kizima cha msimu huo kinakwisha kwa siku moja.

Hapo ndipo ilipo shida. Mnyama anayehitaji nyumba mbili anaweza kuangamizwa kwa kubomolewa moja tu. Msitu ukibaki na vidimbwi vikipotea, vyura watazeeka bila watoto. Vidimbwi vikibaki na vichaka vilivyo kati yake na msitu vikifyekwa, hawatakuwa na njia ya kufika wala mahali pa kurudi. Ramani ya hifadhi yenye mstari mnene kuizunguka haionyeshi jambo hili, kwa sababu mstari ule ulichorwa mwaka wa 1968 kwa kufikiria wanyama wakubwa na miti, wala si kwa kufuata kila bonde lenye maji.

Yanayomsonga

Kwanza ni kilimo na makazi. Familia zinakua, mashamba yanagawanywa, na bonde lenye unyevu ndilo linalotamaniwa zaidi kwa sababu linatoa mboga, arurutu au mpunga hata mvua zikichelewa. Hakuna anayeweza kumlaumu mkulima kwa hilo. Lakini bonde likichimbwa mfereji na kukaushwa kabisa ili lote liwe shamba, mkulima mwenyewe hupoteza hifadhi yake ya maji ya kiangazi pamoja na vyura. Kinamasi hufanya kazi kama sponji. Huyashika maji ya masika na kuyaachilia polepole, na visima vilivyo chini yake hunufaika.

Pili ni miti ya kigeni. Ndani na nje ya hifadhi kulipandwa misonobari na mikalitusi kwa ajili ya mbao na nguzo. Miti hii ina faida yake, na nyumba nyingi za Kwale zimeezekwa kwa sababu yake. Tatizo ni mahali inapopandwa. Mkalitusi hukua haraka kwa kuwa hunywa maji mengi, na chini yake majani na vichaka vya asili huwa haba. Miongozo ya Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) kwa wakulima wa mikalitusi inashauri isipandwe kwenye maeneo oevu wala kandokando ya mito na chemchemi. Aliye na kilima kikavu ana nafasi ya kuipanda huko. Kwenye bonde, miti ya kiasili ndiyo inayofaa.

Tatu ni ndovu, na hapa habari ni ngumu kidogo. Ndovu ni wa hifadhi hiyo hiyo na wana haki ya kuwa humo. Zamani walitembea kutoka Shimba hadi mbali wakifuata maji na malisho. Sasa wamezungukwa na mashamba, na ua wa umeme uliowekwa ili kulinda watu na mazao umewabakiza ndani. Ndovu wengi katika eneo dogo huvunja miti na kufungua msitu. Mnamo mwaka wa 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilihamisha ndovu kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki ili kupunguza msongamano. Hifadhi ya jamii ya Mwaluganje upande wa kaskazini, ambako wenye mashamba walikubali kuacha ardhi yao itumiwe na ndovu na kugawana mapato ya utalii, nayo imewapa wanyama hao nafasi zaidi. Maamuzi kuhusu ndovu kwa hiyo yanamgusa pia chura, ingawa ni nadra kwa yeyote kumtaja katika mikutano hiyo.

Kuna pia dawa za kunyunyizia mimea. Ngozi inayopitisha maji hupitisha na sumu. Pampu ya dawa ikioshwa kwenye kidimbwi, au mkebe uliobaki na matone ukitupwa humo, viluwiluwi huwa wa kwanza kuumia. Maji ya kuoshea pampu yamwagwe shambani, mbali na mkondo wowote, na mikebe isitumiwe kuchotea maji.

Mwisho ni ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura. Ugonjwa huu umemaliza spishi nyingi Amerika ya Kati na ya Kusini na Australia. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka wa 2010 waliukuta kwa vyura katika sehemu nyingi za Kenya, ila hawakuona vifo vya wingi kama vile vya kwingineko. Kwa vile kuvu huyo husafiri kwa maji na matope, watafiti na watalii wanaotoka kidimbwi kimoja kwenda kingine hutakiwa kuosha na kukausha viatu vyao. Duniani kote hali ya amfibia si njema. Tathmini ya mwaka wa 2023 ilionyesha kuwa asilimia 41 ya spishi zao zimo katika hatari ya kutoweka, kiwango cha juu kuliko cha ndege au wanyama wanaonyonyesha.

Na mbu je?

Swali hili ni la haki. Malaria bado ni ugonjwa unaojulikana katika kila nyumba ya Kwale, na wakaazi wamehimizwa miaka mingi waondoe maji yaliyotuama. Je, sasa wanaambiwa wayaache kwa ajili ya chura?

Maji yaliyotuama si ya aina moja. Aina ya mbu wa malaria anayejulikana zaidi Afrika, Anopheles gambiae, hupenda vidimbwi vidogo vya muda vilivyo kwenye jua, kama vile nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, alama za magurudumu barabarani na mashimo ya kuchimbia udongo wa kujengea. Mbu wa homa ya dengi naye hutaga kwenye mikebe, matairi ya zamani na mitungi isiyofunikwa. Chura wa matete hana haja na sehemu hizo. Zifukiwe, zifunikwe, zimwagwe, na ziondolewe kila wiki.

Kinamasi cha asili chenye matete ni jambo jingine. Humo mna samaki wadogo, wadudu wa majini na watoto wa kereng'ende wanaowinda viluwiluwi vya mbu. Hii haimaanishi kwamba hakina mbu hata mmoja, kwa kuwa wapo mbu wa malaria wanaopenda maji yenye mimea, na chura mwenyewe hula wadudu wadogo wa kila aina bila kuchagua mbu. Anayekaa karibu na kinamasi alale ndani ya chandarua chenye dawa, mama mjamzito na mtoto wakiwa wa kwanza, na mwenye homa apimwe kwenye zahanati mapema. Hatua hizo zinahitajika hata pale ambapo hakuna kinamasi. Kukausha bonde zima hakuziondoi.

Nani anawajibika kwa nini

Wakaazi wengi hupeleka malalamiko yao katika ofisi isiyohusika, kisha wakakata tamaa. Katiba ya mwaka wa 2010 imegawanya kazi hizi. Wanyamapori wenyewe, chura akiwemo, wako chini ya serikali ya kitaifa kupitia KWS. Ardhi ya hifadhi ya Shimba Hills kwa sehemu kubwa ni msitu uliotangazwa kisheria, hivyo KWS na KFS husimamia kwa pamoja. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti jukumu la kutekeleza sera za kitaifa kuhusu maliasili na mazingira, ikiwemo uhifadhi wa udongo, maji na misitu. Mabonde na vidimbwi vilivyo nje ya hifadhi, katika mashamba ya watu na ardhi ya jamii, vinaangukia hapo, pamoja na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) na mamlaka ya rasilimali za maji.

Kanuni za maji zinataka kandokando ya mto au mkondo kuachwe ukanda usiolimwa wala kujengwa, usiopungua mita 6, na ukanda huo huongezeka kulingana na upana wa mto hadi mita 30. Mita sita ni hatua chache tu za mtu mzima. Kwa mwenye robo ekari si kitu kidogo, na ni kweli kwamba wengi hawakuelezwa kanuni hii walipokuwa wakinunua ardhi. Ukanda huo hata hivyo hauhitaji kuwa pori tupu. Majani ya kulisha mifugo yanaweza kukatwa humo, na miti ya kiasili ya matunda inaruhusiwa, mradi udongo usitifuliwe na maji yasizibwe.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 nayo inamhusu moja kwa moja anayemkamata chura. Kumchukua mnyamapori yeyote, kumfuga, kumuuza au kumsafirisha nje bila kibali ni kosa. Vyura wenye rangi za kupendeza wana soko ng'ambo miongoni mwa watu wanaofuga wanyama wadogo katika vioo. Mgeni akitoa pesa kwa watoto wa kijiji ili wamkusanyie vyura usiku, taarifa ipelekwe kwa chifu au ofisi ya KWS iliyo karibu. Vilevile miradi mikubwa inayoweza kubadilisha bonde au mkondo wa maji, iwe ya umma au ya binafsi, hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wakaazi wana haki ya kutoa maoni kwa NEMA kabla ya leseni kutolewa. Maoni yanayotaja bonde kwa jina lake, miezi linayokuwa na maji na viumbe wanaoonekana humo huwa na uzito zaidi kuliko sahihi mia moja zisizo na maelezo.

Wazee wa kaya walikuwa na mfumo wao kabla ya sheria hizi zote. Katika makaya ya Wamijikenda haikuruhusiwa kukata mti ovyo, na vipande vya msitu vilivyobaki pwani vingi vimesalimika kwa sababu hiyo, mfano ukiwa ni Kaya Kinondo iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka wa 2008. Makatazo hayo hayakuwekwa kwa ajili ya chura. Yaliwekwa kwa heshima ya mahali, na viumbe wadogo walipata kivuli humo humo.

Kwa anayetaka kumwona

Wakati mzuri ni siku chache baada ya mvua kubwa za masika, kuanzia saa moja usiku hadi saa nne hivi. Kuingia hifadhini usiku kunahitaji idhini ya KWS, tena ndovu na nyati si wa kufanyiwa mzaha. Lakini anayeishi karibu na msitu na ana kidimbwi chenye matete shambani mwake anaweza kuanzia hapo. Avae buti kwa ajili ya nyoka na awe na tochi. Asimame kimya kwa dakika chache hadi vyura wanyamaze kumwogopa na kuanza kuita tena, kisha afuate sauti moja kwa mwanga. Chura mdogo huwa juu ya jani, mara nyingi kwenye kimo cha goti.

Asimshike. Mafuta ya ngozi, sabuni na dawa ya kufukuza mbu iliyo kwenye kiganja inaweza kumuunguza. Picha ya simu yatosha, moja ya mgongo na moja ya ubavu inayoonyesha jicho, pamoja na tarehe na jina la mahali. Picha za chura mwenye michoro myekundu aliyeonekana nje ya mipaka ya hifadhi ni za thamani kwa watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa kuwa zinaonyesha ni mabonde yapi ya wakulima bado yanampa mahali pa kuzalia. Walimu wa shule zilizo karibu na msitu wanaweza kuifanya kazi hiyo na wanafunzi wao mchana, kwa kuhesabu vidimbwi vilivyopo kijijini na kuandika ni vingapi vina matete, vingapi vimekauka na vingapi vimelimwa. Orodha kama hiyo ikifikishwa kwa msimamizi wa wadi kabla ya vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti, inaweza kutumiwa kuomba bonde fulani liwekewe alama, lipandwe miti ya kiasili au liondolewe katika mpango wa kuchimbwa mitaro.